Bana, Mama

Mtaani walimwita Msafi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu shati lililopita mikononi mwake lilirudi na kola iliyosimama na harufu ya jua, na kwa sababu aliweza kunusa fuko la nguo kabla halijafunguliwa akakwambia kuwa ndani mna soksi za mtu asiyeanika viatu vyake. Yeye na mumewe walikuwa madobi. Mume alishika pasi, na jina lake likawa hilohilo, Pasi. Mke alishika beseni. Na mama yake Msafi, tangu ahamie kwao baada ya kufiwa, alishika ncha ya pili ya shuka.

Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Lazima wasimame wawili wakitazamana, kila mmoja na pembe zake mbili, waivute mpaka iwambike kama ngozi ya ngoma, waikung'ute kwa nguvu ili mikunjo iruke, kisha wakutane katikati. Ni pale kwenye kukung'uta ndipo mama alipokuwa akivuja.

Mkojo huo haukuwa ule wa kumtuma mtu chooni. Haukubisha hodi. Mama akikohoa, akipiga chafya, akiinua ndoo, akicheka vichekesho vya mkwewe, ulitoka. Mara matone, mara zaidi ya matone. Kwa hiyo alijifunza kupishanisha miguu kabla ya kukohoa, na kucheka akiwa amekaa. Nesi wa zahanati alimfundisha zoezi la kukaza misuli ya chini, kama mtu anayeukata mkojo katikati. Zoezi lilikuwa zuri. Msafi ndiye aliyeligeuza kuwa amri.

"Bana, mama."

"Nimebana."

"Bana kabla, siyo baada."

Mwanzoni walicheka wote wawili. Baadaye akawa anacheka mmoja, kisha hakuna aliyecheka, na neno likabaki. Kila shuka ilipowambwa, kabla ya kukung'utwa, Msafi alilitupa upande wa pili kama mtu anayerusha kipande cha sabuni: bana.

*

Siku moja msimamizi wa nyumba ya wageni alirudisha fungu zima la shuka. Alilitua juu ya meza ya Pasi, akasogea hatua nyuma.

"Zinanuka," alisema.

"Zinanuka nini?" Pasi aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Nyinyi ndio madobi. Mgeni wangu amelala kwenye kiti."

Msafi aliinama akanusa. Pua yake haikuwahi kumdanganya, na siku hiyo pia haikumdanganya: ilikuwa harufu ya unyevu. Mbingu zilikuwa zimefunga kwa siku kadhaa, naye kwa haraka ya kumaliza kazi alikuwa amezifunga shuka hizo zikiwa bado mbichi kwenye pindo. Alijua hivyo pale pale. Lakini msimamizi alikuwa ameshaanza kuzungusha macho chumbani, na macho yake yalipotua kwa mama aliyekaa pembeni akipanga vibanio vya nguo, Msafi naye akamtazama mama. Alimtazama tu, na akaacha macho yake yakae pale muda wa kutosha.

"Aa," msimamizi alisema. "Haya. Mnifulie upya."

Mama aliendelea kupanga vibanio.

Kesho yake Msafi alimwambia mama apumzike, kazi ya shuka ni nzito, mgongo utamuuma. Siku hiyohiyo alichana mifuko ya nailoni ya kufunikia suti, akaitandaza juu ya kochi, akafunika na kitambaa. Alifanya kazi nadhifu. Kwa macho usingejua. Ila mama alipokaa, kochi lilisema. Lilichakarisha kama mtu anayefungua biskuti msibani. Mama aliinuka, akakaa tena, taratibu, akisikiliza. Kisha akaenda jikoni, na kuanzia hapo akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa nyuma. Wageni wakiwapo, alisema huko kuna upepo.

Pasi aliona yote hayo. Usiku wa kuamkia Jumapili, akivua viatu, alimwambia mkewe, "Mama yako siku hizi anakaa kama mpangaji."

"Anapenda upepo."

"Upepo," Pasi alisema, akaviweka viatu chini ya kitanda.

*

Zahanati iliwaelekeza hospitali kubwa. Kulikuwa na daktari wa kina mama aliyekuwa akija hapo kwa msimu, akiwapasua wale tu waliofaa, kisha akienda zake miji mingine. Kufaa au kutofaa kungeamuliwa na kipimo, na orodha ya watakaopasuliwa ingefungwa mwisho wa juma. Waliambiwa mgonjwa aje kibofu kimejaa.

Mama alivaa gauni lake la mikutano. Njiani hakunywa chai wala maji, akasema hana kiu. Walipofika kwenye benchi la korido, mlango ulifunguliwa na nesi akachungulia na faili mkononi. Msafi alimfahamu. Gauni lile jeupe alilovaa, lenye mikunjo miwili mgongoni iliyonyooka kama mistari ya daftari, lilikuwa limepigwa pasi na mumewe juzi.

"Ee! Msafi!" nesi alisema kwa furaha. "Kumbe huyu ni mama? Karibuni. Mko wa pili."

Mlango ulipofungwa Msafi alimshika mama mkono, akamwinamia sikioni.

"Mama, nakuomba usiniaibishe. Huyu ni mteja wetu. Yeye na nusu ya wenzake. Wakijua kwa dobi kuna mtu anayejikojolea, nani ataleta nguo?"

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda choo kwanza. Umalize wote."

"Si walisema nije nimejaa?"

"Mama."

"Haya."

"Ukiulizwa, sema ni kidogo kidogo, tena mara mojamoja. Na wakikwambia ukohoe," alisema Msafi, "bana."

Mama alimtazama binti yake kama mtoto anayetazama mwalimu kabla ya mtihani, mwenye hamu ya kutomwangusha. Kisha akasimama akaenda chooni.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, asiyepoteza maneno. Aliuliza umri, aliuliza amezaa mara ngapi. Mama alisema saba.

"Wote kwa njia ya kawaida?"

"Wote. Wa mwisho ndiye aliyenisumbua. Alikuja na mabega. Walimvuta kwa vyuma."

"Na mkojo ulianza baada ya huyo?"

"Baada ya huyo." Mama akamgeukia Msafi, akampigapiga gotini. "Ndiye huyu hapa. Angalia mabega yenyewe."

Daktari na nesi walicheka. Msafi alitazama mabega yake mwenyewe kama kitu alichokuwa amekiazima. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza, na mama hakuwahi kumwambia. Hata sasa mama alikuwa ameyasema kama mzaha.

"Unavuja mara ngapi?" daktari aliendelea.

"Kidogo kidogo. Mara mojamoja."

Nesi alimsaidia kupanda kitandani. Mama alisita kuvua, akauvuta mtandio mpaka magotini. "Mama, hapa tuko wanawake watupu," nesi alisema. "Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, mwanangu. Ndiyo maana niko hapa."

Daktari alionyesha kijiti chembamba chenye pamba nchani, akakipaka jeli ya ganzi. Alieleza kama anayesoma mapishi. Kijiti kingeingizwa kwenye mrija wa mkojo mpaka shingo ya kibofu. Kingelala sawa na kitanda. Kisha mama angekohoa, halafu angesukuma chini kwa nguvu zote. Kama nyama zinazoushika mrija zimelegea, mrija ungeteleza na kijiti kingeinua kichwa. Yeye angepima pembe kwa kile kipimio chake cha plastiki. Kikiinuka vya kutosha, kuna utepe unaowekwa chini ya mrija kuuegemeza, na wengi hupona. Kisipoinuka, utepe hauna kazi.

Maneno hayo yalikuwa wazi. Msafi aliyasikia yote. Lakini alichokuwa akikitazama ni gauni jeupe la nesi, lililokuwa limesimama karibu na magoti ya mama.

"Kohoa, mama."

Mama alimtafuta binti yake kwa macho. Midomo ya Msafi ilijongea bila sauti. Mama akakohoa, kikohozi kidogo kikavu. Hakuna tone.

"Tena, kwa nguvu. Sasa sukuma chini, kama mtu anayejifungua."

Uso wa mama ulijikunja, mishipa ya shingo ikasimama, na yeyote angeamini kuwa anasukuma. Kijiti kililala pale kilipolala. Daktari aliweka kipimio chake, akakitoa.

"Hakijasogea," alisema. "Na hakuna kilichovuja. Mama, mrija wako umeshikwa vizuri. Sina sababu ya kukupasua."

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Uso ulikuwa unang'aa kwa jasho.

"Kwa hiyo nimefaulu?"

*

Hakuna aliyemwona mama akitembea vile kwa muda mrefu. Alitangulia mbele ya Msafi kutoka kituoni, gauni la mikutano likipepea. Alipoingia alimkuta Pasi kwenye meza yake, akamwambia kabla hajavua viatu: "Daktari amesema sina kitu. Kijiti hakikutikisika."

"Hongera, mama!" Pasi alisema. "Nilidhani unaenda kwa daktari, kumbe umeenda kwenye mashindano."

"Nipeni shuka yangu."

Msafi alisema mama angepumzika kwanza. Mama alikuwa ameshachukua pembe mbili za shuka kutoka kwenye kamba, akarudi nyuma mpaka ikawambika. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyerudishiwa kazi.

Msafi alifungua mdomo kusema lile neno. Hakulisema. Alikuwa na haya, au labda kwa dakika ile naye aliamini.

Mama hakupishanisha miguu. Kwa nini apishanishe, na daktari amesema hana kitu? Alikung'uta kwa mikono yote miwili, kama zamani, na Pasi akasema, "Polepole, mama, hiyo ni shuka, siyo mkwe," na mama akacheka akiwa amesimama.

Ulishuka wote. Ulipita kwenye gauni la mikutano, ukafika viatuni, ukaenea sakafuni mpaka kwenye upindo wa shuka safi. Mama hakuiachia shuka. Alisimama ameishika vilevile, pembe mbili kwenye mikono miwili, akitazama chini.

"Lakini hakikutikisika," alisema.

Pasi aliisimamisha pasi.

"Sielewi," mama aliendelea, na sasa alimgeukia Msafi, si kwa lawama, kwa kuuliza kweli. "Nilibana kama ulivyoniambia, mwanangu. Yule anasema sukuma, mimi nakusikia wewe. Nilibana mpaka nikaona nyota. Nilikosea wapi?"

"Ngoja," Pasi alisema. "Daktari alimwambia afanye nini?"

Msafi aliinama kufuta sakafu.

"Nakuuliza, mke wangu."

"Asukume."

"Na wewe?"

Maji ya pasi yalikuwa yakitokota. Pasi alikuwa mtu wa mizaha, na hata alichokisema sasa kilitoka kwa umbo la mzaha, ila sauti haikuwemo. "Yaani mtu kamwita fundi aje aone paa linavuja wapi. Fundi kapanda. Na mwenye nyumba kaziba tundu kwa kiganja mpaka fundi kashuka."

"Usimseme," mama alisema. "Alikuwa anatafuta riziki."

Kisha akaikunja shuka ile peke yake, vibaya, akaipeleka kwenye beseni la nguo chafu na kwenda kubadili.

*

Walirudi hospitali siku ya kufunga orodha. Asubuhi, kabla ya kutoka, Msafi aliinua kitambaa cha kochi, akaitoa ile nailoni, akaikunja, akaificha nyuma ya kabati. Mama alikuwa bafuni, hakuona.

Waliamua kutembea. Mama alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya maji na alikwenda kwa hatua fupifupi. Walipopita kona ya nyumba ya wageni, Msafi alisema akiwa anatazama barabara:

"Mama, zile shuka walizorudisha. Haukuwa mkojo. Nilizifunga mbichi."

"Najua."

"Unajua?"

"Harufu ya unyevu si harufu ya mkojo. Hiyo pua unayojivunia umeipata wapi, kwa baba yako? Baba yako hakuweza kunusa hata chakula kikiungua."

Msafi alisimama. "Sasa mbona hukusema? Yule msimamizi alikutazama vile, nawe ukanyamaza."

"Wateja ni wako," mama alisema. "Twende, mwanangu, tusisimame. Nimejaa."

Daktari hakufurahi kuwaona. Alikuwa na majina kamili mezani, na nje benchi lilikuwa limejaa. Nesi alisimama pembeni kwenye gauni jingine jeupe, nalo Msafi alilijua kwa kifungo alichokishona mwenyewe.

"Tulimaliza na nyinyi," daktari alisema.

"Mimi ndiye niliyeharibu kipimo," Msafi alisema. Alikuwa ameipanga sentensi hiyo njia nzima, lakini zilizofuata hazikupangika. "Nilimpeleka choo kwanza. Nikamwambia aseme ni kidogo. Si kidogo. Ni kila siku, ni kila shuka. Na alipokuwa pale juu nilimwambia abane."

"Kwa nini?"

Msafi alimtazama nesi, akaona kuwa nesi ameshaelewa.

"Kwa ajili ya wateja," alisema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Unajua kwamba nafasi yake nilishampa mwingine? Mimi sina macho ya kuona ndani ya mtu. Nina kijiti. Ukinidanganyia kijiti, nimekuwa kipofu." Alivuta pumzi. "Mpandishe. Nikimaliza nitaona kama nitaweza kumwongeza mwisho."

Safari hii daktari alimwamuru Msafi asimame ukutani. Kijiti kiliingizwa. Mama alilala akitazama dari.

"Kohoa."

Mama alikohoa. Kijiti kilitikisika kidogo, kikatulia.

"Unabana, mama."

"Sitaki kubana. Unajibana wenyewe."

"Sukuma."

Alijaribu. Jasho lilimtoka. Alizikandamiza nyayo kwenye vishikizo vya kitanda na chini hapakusogea kitu; miezi mingi ya kufundishwa haikuweza kufundishwa kinyume chake kwa dakika moja. Daktari alitazama saa ya ukutani. Mama aligeuza shingo, akamtafuta binti yake.

"Mwache aje karibu," nesi alisema taratibu.

Msafi alisogea. Alishika mkono wa mama, mkono wenye vidole vilivyochakaa kwa sabuni ya kazi isiyokuwa yake.

"Achia, mama."

"Nesi amesimama hapo hapo."

"Mwache asimame."

"Nitamlowesha."

"Mloweshe. Achia, mama. Achia wote."

Mama alifumba macho, akakohoa kikohozi kilichotoka visiginoni. Kijiti kikainua kichwa, polepole kwanza kisha kwa haraka, kama mkono wa mizani ukiwekewa jiwe. Mkojo ukaruka, ukampata daktari kwenye kiwiko na nesi kwenye upindo wa gauni. Daktari hakurudi nyuma. Aliweka kipimio, akasoma, akasoma tena.

"Umelegea sana," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na upole. "Huyu anafaa. Nitamweka wa mwisho."

Mama hakumsikia. Alikuwa akijaribu kuketi huku ameushika mtandio, uso umemwiva kwa aibu, akinyoosha mkono kulifuta gauni la nesi.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Nguo yenyewe ilivyo nyeupe."

"Itafuliwa," nesi alisema. "Kuna dobi mmoja namfahamu." Alimtazama Msafi aliposema hivyo, na Msafi hakuweza kusoma kwenye uso ule kama ni mzaha, msamaha, au kwaheri.

*

Pasi alikuwa amefunga kazi mapema ili kuwasubiri. Alimkaribisha mama sebuleni kwa mbwembwe zote, akamwambia aketi kwenye kochi kama mwenye nyumba, asimulie.

Mama alikaa. Kochi halikusema kitu.

Aliinuka. Akakaa tena, taratibu, akisikiliza. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, kutoka mkono mmoja wa kochi mpaka wa pili.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?" Msafi aliuliza, ingawa alijua.

"Ile nailoni."

"Nimeitoa."

Mama alisimama. "Irudishe."

"Mama, si lazima. Kochi litafuliwa. Sisi ni madobi, tutashindwa na kochi?"

"Bado sijapasuliwa, mwanangu. Nikikaa hivi nitakuwa nawaza." Hakukasirika, alisema kama mtu anayekumbusha kuzima taa. "Irudishe, nikae."

Pasi aligeuza uso akatafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo. Msafi alisubiri mama abadili nia, na mama alisubiri nailoni, akiwa amesimama na mkoba wake wa hospitali mkononi kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Basi Msafi akaenda nyuma ya kabati akaitoa. Alipiga magoti mbele ya kochi, akaitandaza, akaibana pembeni, akarudisha kitambaa na kukinyoosha kwa viganja mpaka kusiwe na mkunjo hata mmoja.

Mama akakaa. Nailoni ikachakarisha.

Msafi alibaki pale pale magotini, akitaka kumwambia jambo. Miezi yote hiyo neno lake kwa mama lilikuwa moja tu, na alipolitafuta jingine hakulipata.